Uzi Juu ya Tufe

"Usiuongoze," Shangazi alisema. "Uvute tu."

Inspekta alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, pini moja ameibana kwa meno, nyingine ameshaichomeka kwenye tufe la dunia pale ulipo mji wao. Tufe lilikuwa la karatasi ngumu, kubwa kiasi cha kumjaa mtu kifuani, limepauka upande ulioelekea dirisha. Mkononi alishika uzi mwekundu wa kushonea. Aliupitisha juu ya bara, akauvusha bahari, akaulaza juu ya bara la pili mpaka kwenye ufuko wake wa mbali, ulipo mji wa ng'ambo. Alikuwa akifuata njia aliyoonyeshwa juzi kwenye ramani ya ukutani, kituoni: moja kwa moja, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Haya, kaza sasa."

Alikaza. Uzi haukukubali kukaa alipouweka. Uliteleza, ukapanda kaskazini, ukaiacha bahari ya joto, ukapita juu ya nchi ambazo hakuwa amezifikiria hata kidogo, ukaja kutulia juu kabisa, ukikata ukingo wa kofia nyeupe ya dunia. Kati ya vidole vyake kikabaki kipande cha uzi kilichozidi, kirefu kama dole gumba.

Inspekta alitoa pini mdomoni. "Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Sikutegemea upande huo kabisa."

"Hakuna anayeutegemea." Shangazi alikaa vizuri kwenye kiti chake chenye mikono, mgongo wima kama vile kiti kingetaka kuruka naye. "Dunia ni duara, mwanangu. Watu wameibandua, wameitandaza kama shuka, wakaitundika ukutani, halafu wakasahau kuwa waliibandua."

Juu ya kichwa chake palikuwa na picha yake mwenyewe katika fremu: sare nyeusi, mistari minne ya dhahabu mikononi, kofia imelala kidogo upande wa kulia. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika shirika lake kuketi kiti cha kushoto, kile cha kapteni, katika ndege kubwa, na kama mgeni hakuuliza kuhusu picha ile kabla ya kumaliza glasi ya maji, aliulizwa yeye kwa nini hajauliza.

"Shangazi, hicho kilichozidi—"

"Wakati wa kula mimi ni shangazi yako. Tukizungumza ndege, mimi ni Rubani."

"Rubani," Inspekta alisema bila kucheka, kwa maana alijua gharama ya kucheka. "Hicho kilichozidi ndiyo tofauti ya njia mbili?"

"Ndicho. Na kila kidole cha uzi hapo ni mafuta ya tani nyingi. Hakuna rubani mwenye akili timamu atakayeyachoma ili kuifurahisha ramani."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wiki iliyopita Mchoraji, mmoja wa washirika wawili wa karakana ya kuchapa ramani za shule, alikutwa amekufa chini ya ngazi za karakana hiyo. Kichwa kilikuwa kimepigwa na kitu kizito ambacho hakikuwa ngazi. Mlinzi alikuwa peke yake getini usiku ule. Aliwaambia polisi jambo moja, na mpaka leo hajalibadilisha: giza lilipokwisha kuingia, alimfungulia geti mshirika wa pili, yule ambaye mji mzima unamwita Bwana Ramani. Walisalimiana. Baadaye akamfungulia tena, akatoka. Asubuhi Mchoraji akaonekana. Mlinzi ndiye aliyemwinua akidhani bado anapumua, na shati lake likapakaa damu na wino.

Shida ni kwamba saa ile Bwana Ramani alikuwa angani, akielekea mji wa ng'ambo. Kampuni ya ndege ilithibitisha kuwa amepanda. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa na mihuri yote, ya kutoka na ya kurudi. Ndege iliruka saa moja jioni bila kuchelewa, na mpaka mlinzi anafungua geti ilikuwa imeshaacha mipaka ya nchi. Neno la mlinzi liligongana na ndege, na ndege ikashinda. Mlinzi akawa mwongo. Na mwongo mwenye funguo za geti na damu kwenye shati akawa muuaji. Kesho asubuhi alikuwa apandishwe mahakamani.

Mkuu wa kituo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu kumfungulia mlango wa nyuma. "Sema ulipitiwa na usingizi, ukaota," alimwambia. "Sema mtu mwingine aliingia wewe ukiwa umelala. Kesi itakuwa nyepesi."

Mlinzi alimtazama. "Sijawahi kulala lindoni tangu nianze kazi hii, Mkuu. Sitaanza kulala leo kwenye karatasi yenu." Hata hivyo Mkuu aliandika pembeni mwa maelezo yake: huenda alilala.

Jibu hilo lilimkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki. Kituoni walimwita Taratibu, wengine kwa upendo, wengine kwa kuchoka, kwa sababu alizungumza chini na hakuwa na haraka ya kumhukumu mtu. Lakini alikuwa amewaona waongo wengi, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyefunguliwa mlango akakataa kutoka.

Alikuwa na kitu kimoja kingine, ambacho hakuwa amemwambia mtu. Katika ofisi ya karakana aliona picha ya ndugu wawili wamekumbatiana mabega: Bwana Ramani na mdogo wake, fundi wa friji katika mji wa jirani. Ukifunika masharubu ya mkubwa kwa kidole, hujui yupi ni yupi. Na Bwana Ramani alikuwa amenyoa masharubu yake kabla ya safari.

"Huyo mtu wenu," Shangazi alisema, "alikwambia aliona nini dirishani?"

"Giza, mwanzo hadi mwisho. Na bahari chini yake, yenye taa za meli."

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Taa za meli! Mwezi wa sita! Haya, weka kidole chako kwenye uzi. Mwanzo kabisa. Mnaondoka jioni, giza linawapokea, sawa?"

"Sawa."

"Sogeza kidole. Bado giza. Watu wamekula, wanasinzia. Sogeza. Hapo, karibu na kofia nyeupe. Katika mwezi huu, kule juu jua halizami. Linashuka mpaka ukingoni, linatembea pembeni kama mtu anayetafuta mlango, halafu linapanda tena. Saa yako ya mkononi inasema ni usiku wa manane, na ndani ya ndege ni mchana mweupe. Chini barafu inawaka mpaka macho yanauma. Hiyo si dakika mbili, ni masaa. Sogeza tena. Njia inashuka kusini, giza linarudi. Mnatua usiku."

Inspekta aliinua kidole. "Kwa hiyo anaondoka usiku, anafika usiku."

"Na mtu aliyekaa nyumbani na ramani yake ya shuka atasema nini?"

"Atasema ulikuwa usiku mmoja."

"Umeanza kuruka sasa."

Shangazi alipiga paja lake kwa furaha, lakini Inspekta hakufurahi bado. Alibaki akiutazama uzi. "Ndege zinaweza kubadili njia, Rubani. Upepo, dhoruba, anga iliyofungwa. Siku ile huenda hawakupita huku."

"Hilo sasa ni swali la mtu mzima." Sauti ya Shangazi ilishuka, ikawa ya kazini. "Usiniamini mimi. Waulize walioruka siku ile. Lete simu."

"Nina namba ya ofisi yao, nitapiga nikifika—"

"Lete simu."

Ofisi ya kwanza iliwaambia wasubiri, ya pili ikawaambia waandike barua. Shangazi akachukua simu mkononi mwa Inspekta, binti wa kaka yake. "Mwambie bosi wako kuwa Rubani yuko kwenye laini," alisema, na jina hakulitaja. Simu ikahamishwa, kisha sauti nyingine, ya mtu mwenye umri, ikasema, "Shikamoo, Kapteni." Shangazi aliitikia huku akimtazama Inspekta kwa pembe ya jicho, kuhakikisha amesikia.

Mzee yule alithibitisha njia: kaskazini, juu ya barafu, hewa shwari, saa kumi na saba na nusu toka kuruka mpaka kutua. Kisha akawaunganisha na mkuu wa wahudumu wa safari ile, ambaye alikuwa nyumbani kwake akipumzika.

"Kiti cha dirishani, upande wa kulia, safu ya ishirini na moja," Inspekta alisema. "Unamkumbuka abiria aliyekikalia?"

"Huyo?" Mkuu wa wahudumu alivuta pumzi. "Dada yangu, huyo nitamkumbuka mpaka nistaafu. Amemfanya nini nani?"

"Bado sijui. Kwa nini unamkumbuka?"

"Alinitesa! Nimewaomba watu wote washushe vipazia vya madirisha walale, kwa sababu jua lilikuwa upande uleule. Kila nikigeuka, yeye amekiinua. Mwanga unaingia kama taa za gari. Watu wa nyuma wananipigia kelele mimi. Nikaenda mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, 'Dada, niambie ukweli, sitapiga kelele. Tumepotea? Mbona jua limetoka usiku?'"

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nikamweleza. Basi ndio nikajiharibia, hakulala tena. Alipiga picha mpaka simu ikamzimikia, akaniomba nimchajie. Lakini alikuwa mtu wa utani, sikuweza kumkasirikia. Alisema maisha yake yote anapigana na mashine ili zimpe barafu kidogo, kumbe imemwagwa huku bure, haina hata mlinzi."

Inspekta alitoa daftari lake. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya polepole, "Hayo maneno ya barafu, unaweza kuyarudia?"

Mkuu wa wahudumu aliyarudia. Inspekta alishukuru, akakata simu, akaanza kukunja ile ncha ya uzi iliyozidi, akiizungusha kwenye pini ili isipotee.

"Rubani, naomba kuliazima tufe lako."

"Ukilichubua, usirudi hapa."

"Nitalifunga mkanda kwenye gari."

"Na kwenye maelezo yako," Shangazi alisema akimsindikiza mlangoni, "usiandike 'mama mmoja mstaafu'. Andika 'rubani'. Wakikuuliza rubani gani, waelekeze nyumbani kwangu."

*

Bwana Ramani aliwasili kituoni saa nane mchana bila kuitwa mara ya pili. Alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, viatu vinavyoweza kumwonyesha mtu sura yake, na juu ya mdomo masharubu yaliyoanza kuota upya. Kabla ya kukaa alifanya alichokifanya juzi: alikwenda kwenye ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani mwa chumba cha mahojiano, akashika pembe yake kwa vidole viwili, akainyoosha. Kwenye kona palikuwa na chapa ya karakana yake.

"Mnaiachia inapinda," alisema. "Hii ni kazi ya mikono yangu, Inspekta. Hakuna shule katika nchi hii isiyokuwa nayo. Hata wewe umesomea ramani yangu."

"Ni kweli, Bwana. Nimeisomea."

"Unaona!"

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, mabega yameegemea fremu, uso wa mtu aliyeombwa dakika kumi na anazihesabu. Inspekta alimwonyesha Bwana Ramani kiti. Chini ya meza, kando ya miguu yake, kulikuwa na kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa kwa taulo.

"Samahani kukusumbua tena," alisema. "Nataka tu nielewe vizuri ile safari. Mimi sijawahi kwenda mbali namna hiyo."

"Wengi hawajawahi." Bwana Ramani alikunja nne. "Uliza."

"Ni umbali gani, kwa makadirio yako?"

"Makadirio ni ya watu wengine. Mimi nimepima. Kilomita elfu kumi na nane na ushei."

"Na mlikaa angani kwa muda gani?"

"Saa kumi na saba na nusu, bila kutua."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Ulikaa dirishani?"

"Sikai kwingine. Mtu wa ramani kukaa ujiani ni sawa na mpishi kufungiwa nje ya jiko."

"Huenda ulilala."

"Mimi?" Aliguswa kama ametukanwa. "Kutoka hapa mpaka kule nisimalize kuitazama dunia niliyoichapa miaka yote hii? Sikufumba jicho."

"Labda waliwaambia mshushe vipazia."

"Changu kilikuwa juu wakati wote. Nani aniambie nishushe?"

Mlangoni, Mkuu alihama kutoka bega moja kwenda jingine.

"Naomba unionyeshe tena, basi. Kwa kidole."

Bwana Ramani aliinuka. Hilo alilipenda. Aliweka kidole kwenye mji wao, akakivuta polepole kuelekea magharibi, na sauti yake ikawa ya mwalimu mbele ya darasa. "Hapa tunaruka. Bara hili tunalikata katikati, giza tupu. Hapa tunaingia baharini. Bahari hii, Inspekta, ni pana kuliko watu wanavyodhani. Nimeona taa za meli, moja hapa, nyingine hapa. Halafu bara la pili, miji yake inang'aa chini. Na hapa, tunashuka."

"Giza lote hilo."

"Tuliondoka usiku, tukafika usiku. Ndege inakimbia na usiku, haitoki ndani yake. Mtoto wa shule anajua."

"Hakuna kilichokushangaza njiani?"

"Wewe kingekushangaza. Mimi nilijua kila tulipopita."

"Picha ulipiga?"

"Za nini? Picha ninazo kichwani."

Inspekta aliitazama chapa ya karakana kwenye kona ya ramani. "Marehemu naye alikuwa anaipenda kazi yenu?"

Kidole cha Bwana Ramani kilitoka kwenye ramani. "Alikuwa na mkono mzuri. Kichwa kilianza kumruka. Alitaka tuache ramani za ukutani, tutengeneze matufe. Matufe! Niambie, nani atatundika mpira ukutani? Mwalimu atauweka wapi, kwapani?" Alicheka, na Inspekta akatabasamu kwa adabu. "Alifika mahali pa kunitishia kuwa ataondoka na michoro yake yote. Michoro iliyonijengea jina. Lakini tusimseme vibaya, amekwenda."

"Amekwenda," Inspekta alisema. "Nakushukuru sana, Bwana. Umenifundisha."

"Ndiyo kazi yangu." Akachukua kofia yake. Mlangoni alisita. "Na yule mlinzi? Ni kesho?"

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Masikini. Nilimwamini sana." Akatoka, viatu vikilia kwenye sakafu ya saruji mpaka nje.

Mkuu alifunga mlango. "Haya, Taratibu. Umenisimamisha hapa nisikilize somo la jiografia. Umepata nini?"

Inspekta aliinua tufe, akaliweka juu ya meza, akalivua taulo. Uzi mwekundu ulikuwa umening'inia kwenye pini yake. Aliulaza juu ya bara na bahari, palepale kidole cha Bwana Ramani kilipopita, kisha akampa Mkuu ncha yake.

"Kaza, Mkuu."

"Nimekuwa fundi cherehani?"

"Kaza tu."

Alikaza. Uzi ukamtoroka, ukapanda mpaka kwenye barafu. Mkuu akaulegeza, akaurudisha baharini, akakaza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemlazimisha mtoto kukaa. Ukapanda tena.

Inspekta alimweleza yote, bila kuongeza chumvi: njia iliyothibitishwa na kampuni, jua la usiku, abiria wa kiti kile na kipazia chake, maneno ya barafu, picha ya ndugu wawili, masharubu. Kisha akarudi kwenye hesabu. "Amesema elfu kumi na nane kwa saa kumi na saba na nusu. Gawa. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kila saa, safari nzima, kuanzia kuruka mpaka kutua. Ndege ile haina mwendo huo. Njia ya uzi ni kama elfu kumi na tano na nusu, na hapo muda unakubali. Muda aliupata kwa mtu. Umbali aliupima mwenyewe, kwenye ile." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

Mkuu alikuwa mtu wa kupinga kwanza. "Kama mdogo wake ndiye aliyekwenda, si angemsimulia? Jua la usiku ni kitu cha kusimuliwa mpaka kwa majirani."

"Hilo nami limenisumbua njia nzima." Inspekta alivuta kiti akakaa. "Nadhani alimuuliza mdogo wake mambo ambayo hayajui. Uwanja ule ukoje, waliuliza nini kwenye mhuri, hoteli ipo wapi, walikaa angani muda gani. Dirisha hakuliuliza. Mtu asiyejua angeuliza. Yeye anajua, Mkuu, umemsikia. Na mdogo wake akitaka kumsimulia, atamwacha amalize? Mimi nimekaa naye mara mbili, sijamaliza sentensi."

Mkuu aliuachia uzi. Halafu akaenda ukutani, akaitazama ramani kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Nimeitazama kila siku," alisema. "Nilikuwa nimeshapiga mstari kichwani kabla hata hajanionyesha. Nilimwambia mlinzi kuwa ni mwongo kwa mstari huo."

"Hata mimi, Mkuu. Mpaka leo asubuhi."

"Bado hujanipa mtu, lakini. Umenipa uzi."

"Najua. Sisemi kuwa Bwana Ramani ameua. Nasema aliyekaa kiti kile aliliona jua, na huyu hajaliona. Nataka kumwona fundi wa friji kabla hajazungumza tena na kaka yake, nione simu yake."

"Nenda sasa."

"Gari la kituo liliharibika nikirudi asubuhi, lipo gereji. Wameahidi kesho mapema. Na ikiwezekana, mtu mmoja amwangalie Bwana Ramani. Kwa mbali. Ameondoka akiwa ameridhika, nisingependa aamshwe."

Mkuu aliitikia kwa kichwa. Alifungua mlango, akamwita karani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kaunta kwamba jalada la mlinzi halitatoka kesho, na kwamba mahakama iombwe siku moja. "Moja," alirudia, akimgeukia Inspekta. "Kesho kutwa ama naletewa mtu mwingine, ama anapanda yuleyule. Juu yangu wapo wanaouliza."

"Inatosha."

"Na shangazi yako," Mkuu alisema, "kweli alikuwa anarusha yale madude makubwa?"

"Akisikia umeyaita madude, Mkuu, atakuja hapa mwenyewe."

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipopita kwenye korido ya mahabusu. Kwenye benchi alimkuta mke wa mlinzi, mikono imekumbatia shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, akilishika kwa mabega ili lisikunjike.

"La kesho," mama yule alisema. "Wamesema niliache kaunta, nimekataa. Watalikunja."

"Kesho haendi, mama. Rudi nalo nyumbani, ulitundike."

Mama alimtazama, hakuthubutu kuuliza. Alibaki na shati lake, mabega yakashuka polepole kama ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Mlinzi alikuwa amesimama ndani, karibu na nondo, mikono pembeni. Siku zote hizi hakuna askari aliyemkuta amelala mchana. Usiku, askari wa zamu walisema, alikuwa akihesabu milango inayofungwa, na asubuhi aliwaambia ni upi waliusahau.

"Nimesikia sauti ya Mkuu," alisema. "Mmepata nini?"

"Nusu ya kitu, Mzee. Nusu nyingine naifuata kesho."

"Sikuulizi nani aliua." Alisogea hatua moja, akaunyoosha mwili wake kama yuko getini na gari la mwenye karakana linaingia. "Nakuuliza jambo langu. Kwenye karatasi zenu, bado nimelala?"

Inspekta alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyofikiri kabla ya kujibu kila kitu. Angeweza kumpa neno tamu. Alikuwa bado hajamwona fundi wa friji, wala simu yake, na simu hufutwa picha.

"Kwenye karatasi, bado," alisema. "Kwangu mimi, hukufumba jicho. Nataka mtu mwingine aseme hivyo kwa mdomo wake, ndipo niandike."

Mlinzi alilitafakari jibu lile, akaonekana kulikubali kuliko ambavyo angelikubali jibu zuri zaidi. "Basi nitakuwa macho," alisema. "Ukirudi saa yoyote, utanikuta."

Inspekta alilitoa tufe chumba cha mahojiano, akalibeba mikononi mwake mpaka ofisini, akaliweka juu ya meza yake karibu na dirisha. Uzi aliukaza tena, toka pini mpaka pini. Mwanga wa mwisho ulikuwa umeufikia upande ule uliopauka, na kwa muda kidogo kofia nyeupe ya dunia iling'aa huku mji wao chini ukiwa tayari umeingia kivulini. Akalifunika kwa taulo, akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akakijaribu kitasa mara mbili, kwa kuwa alijua kuna mtu kule mahabusu anayesikiliza milango.